Kisu, Kopo na Mama Mkwe

Adolfu wa Muze alikuwa mwoga. Sisemi hivyo kumtukana, wala simsingizii. Yeye mwenyewe ukimuuliza angekujibu hivyo hivyo, huku akichungulia nyuma ya bega lako kuhakikisha hakuna kitu. Aliogopa nyoka, aliogopa radi, aliogopa mbwa wa watu, aliogopa wageni waliovaa viatu vizuri. Giza likishaingia hakwenda msalani mpaka mkewe Dominika amsindikize, naye Dominika alimsimamia pale nje akipiga miayo. Watu wa Muze walimcheka mpaka wakachoka. Mimi hao waliokuwa wakimcheka ndio walionikera siku zote, maana hakuna hata mmoja wao aliyepita alikopita Adolfu mwaka ule wa Operesheni Vijiji.

Mwaka ule Dominika alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za mwanzo alijifungua watoto waliotoka kimya, wakazikwa hata jina hawana. Hii ya tatu ilipokaribia, Bertilla, mkunga wa pale Muze, alimpapasa tumbo. Akampapasa tena. Kisha akatoka nje akamwita Adolfu pembeni.

"Baba, sikufichi. Mtoto amelala kikingama. Mimi peke yangu simwezi. Kamlete mama yake Dominika, na usichelewe."

Mama yake Dominika ni Stefania, mjane wa Milanzi, kule juu jirani na mji wa Sumbawanga. Upande ule wote wa Ufipa walizijua sifa za mikono yake. Alikuwa akimkanda mama mjamzito taratibu, anaongea naye habari za mashamba, na ukija kushtuka mtoto ameshageuka. Gari la kumpeleka Dominika mjini halikuwepo. Malori, ya serikali na ya wenye maduka, yote yalikuwa yamechukuliwa kuhamisha watu kuwapeleka vijiji vya ujamaa, na mwenye mgonjwa alijijua mwenyewe. Basi Adolfu akaaga, akaushika mlima.

Zamani njia ile ya kutoka bondeni kupanda Ufipa haikumtisha mtu, hata Adolfu. Kaya zilitawanyika njia nzima, na msafiri hakubeba kitu. Kubeba chakula au moto ilikuwa ni kuwatukana wenyeji, kana kwamba ukipita kwao watakulaza njaa. Ulipiga hodi, ukachuchumaa ukapiga makofi ya salamu, ukaletewa ugali wa ulezi, ukalala penye moto, asubuhi ukaendelea na safari. Pale ukingoni, mlima unapoanza kushuka, palikuwa na nyumba ya mzee Marselino, na sijasikia mtu wa Muze aliyepita pale jioni asilazwe.

Safari hii Adolfu alikuta mahame. Milango imeng'olewa, mapaa yametobolewa, majivu ya jikoni yamelowa mvua. Kwa Marselino hapakuwa hata na mbwa wa kumbwekea. Pale uani, kwenye udongo laini walipokuwa wakilala mbuzi, aliona nyayo. Hakuinama kuzipima. Alijua tu ni za simba, akatoka pale mbio, na hakuacha kukimbia mpaka alipouona moshi wa watu.

Alipofika Milanzi alisimama nje ya ua wa mkwewe na kugeuza mgongo. Kwa watu wale mama mkwe unamheshimu kwa umbali. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, hamwoti moto mmoja, hampeani kitu mkono kwa mkono: unakiweka chini, unaondoka, mwenzio anakuja kukiokota. Na kugusana ndiyo usiseme kabisa. Walisema wakwe wakigusana, anayelipa ni yule aliye tumboni. Kwa hiyo ujumbe wa Adolfu aliupokea shemeji yake Clemens, akaupeleka ndani, akarudi na jibu kwamba mama anafunga mizigo, keshokutwa watashuka wote watatu, na yeye Clemens atatembea katikati yao.

Habari za nyayo Adolfu hakuzisema. Angezisema, mama asingeshuka, na Dominika je? Alizimeza mwenyewe, na alipokwisha kuzimeza ndipo akili yake ikaanza kufanya kazi. Kama njia haina tena nyumba, basi mtu itabidi abebe nyumba. Tena abebe ndogo, kiasi cha kukimbia nayo.

Alianza na kisu. Gaudensi, mhunzi wa pale Milanzi, alikuwa akifua visu kwa springi za malori yaliyokufa. Adolfu alimkuta anavukuta.

"Nataka kisu."

"Cha kuchinjia au cha jikoni?"

"Cha kuogopea."

Gaudensi aliacha kuvukuta. "Hicho sijawahi kufua. Hebu nieleze kinafanya kazi gani."

Adolfu akaeleza. Kiweze kukata mti unene wa mkono bila kukatika, kichonge, kifukue mizizi, na kiwe kifupi kisimkwaze mapajani akitimua mbio. Kupigana na simba hakukutaja. Uoga wake ulikuwa na akili zaidi ya hapo. Gaudensi alicheka, lakini alifua vizuri. Kisu kilitoka kifupi, kinene mgongoni, chuma kimepenya mpaka mwisho wa mpini, na ala yake ya ngozi ya ng'ombe ilikuwa na kifuko ubavuni cha kutia vitu vidogo. Adolfu alikifunga kiunoni akatembea nacho hatua chache, akakimbia kidogo hadi kwenye ua na kurudi, akaridhika.

Kutoka hapo alikwenda mjini, dukani kwa mama Kulsumu. Kiberiti kilikuwa kimeadimika siku zile kama dhahabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kama ni kiberiti, hakuna. Kama ni sabuni, hakuna vilevile. Salamu ninazo."

Adolfu alimweleza shida yake, na kwa kuwa mama Kulsumu hakuwa mkwe wake, alimweleza mpaka za nyayo. Yule mama alimsikiliza, kisha akaingia ndani, akarudi na kiberiti cha jikoni kwake kilichobaki nusu, kopo tupu la maziwa ya unga lenye mfuniko wake, na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli.

"Mpira huu ukate vipande. Ukishika moto, mvua haiuzimi. Mume wangu alikuwa dereva, ndivyo alivyokuwa akifanya." Akamtazama pale alivyosimama na kisu chake. "Hivi wewe unashuka Muze au unakwenda vitani?"

"Sijui bado, mama."

Jioni ile alitandika mkeka, akakaa na vitu vyake, na kila kitu alichokigusa kilikuwa na hofu yake. Kamba ya katani aliizungushia ala ya kisu mpaka ikajaa, kwa ajili ya mito. Sindano na uzi vikaingia kwenye kifuko, kwa ajili ya kuchanika, iwe nguo au mtu. Ndoana, wasije wakapotea karibu na maji wakafa njaa. Ndani ya kopo alitia vipande vya mpira, kiberiti, na bonge la chumvi alilotoka nalo bondeni limefungwa kwenye jani, kwa sababu aliwahi kusikia kwamba mtu aliyepotea hata majani ya porini anayala, mradi ana chumvi. Akafunga mfuniko. Akayeyusha nta ya nyuki, akaipaka kuzunguka mfuniko wote, akalitia kopo ndani ya mtungi wa maji akalishikilia humo muda mrefu. Hakikutoka hata kipovu. Usiku ule alilala usingizi mzuri, mara ya kwanza tangu aondoke Muze.

Asubuhi ya safari mgambo walipita wakamchukua Clemens kwenda kujenga nyumba za waliohamishwa. Hakuna aliyebishana nao. Basi pale nje ya ua wakabaki watu wawili wasioruhusiwa hata kutazamana, na katikati yao kuku mmoja ndani ya tenga, wa kumpikia mzazi.

Stefania alilitazama tenga. Mwishowe akaongea na kuku.

"Kuku wewe, mwambie huyo atangulie. Awe anakohoa nisimpoteze."

Hivyo ndivyo walivyosafiri. Adolfu mbele, anakohoa. Stefania nyuma kabisa, kanga imefunika uso, tenga kichwani. Kila alipokohoa, Adolfu alijiona anawaita simba wote wa Rukwa kwa majina. Aliponyamaza, alimsikia mama nyuma akisema na kuku kwa sauti ya wasiwasi, akakohoa tena. Mvua iliwakuta mapema, mvua ile ya Ufipa ya baridi na ukungu, mpaka njia ikawa haionekani zaidi ya urefu wa kamba ya mbuzi.

Kwenye kijito cha mwisho kabla ya ukingo, maji yalikuwa yamejaa. Adolfu alivuka, akageuza mgongo kama ilivyo adabu, akasikia mtu ameteleza. Akageuka. Stefania alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, mkono mmoja umeinua tenga juu, mwingine umeng'ang'ania nyasi, na nyasi zinang'oka. Adolfu alikimbilia kando ya maji akanyoosha mkono, halafu mkono ukagoma. Naapa ungemwona, ungedhani mtu kakaukia pale pale. Alimwona Dominika, akaona vile vikaburi viwili nyuma ya nyumba, akaurudisha mkono. Akaifungua ile kamba ya katani kwenye ala, akamtupia ncha. Stefania akaishika. Adolfu akavuta huku ametazama pembeni, na mama akatoka, na kuku akatoka.

Lakini alikuwa amelowa mpaka mifupani, tena si kijana. Walipofika kwa Marselino jua lilikuwa linakaribia kuzama na meno ya mama yalikuwa yanagongana kiasi kwamba Adolfu aliyasikia kutoka mbele. Pale ndipo mahali ambapo Adolfu alikuwa amejiapiza hatalala hata kwa kupigwa. Alitaka wapite. Alikohoa, akaenda, akakohoa, na nyuma yake hapakuwa na kuku aliyekuwa akisemeshwa. Stefania alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha nyumba ile tupu, na meno yake yalikuwa yameacha kugongana. Adolfu alikuwa amekulia huku juu, kwenye baridi ya Ufipa, kabla ya kuhamia Muze. Alijua kwamba mtu aliyelowa akiacha kutetemeka, hali yake imekuwa mbaya zaidi.

Alichukua kopo lake. Alipiga magoti kwenye chumba cha ndani, palipokuwa na kipande cha paa kilichobaki, akabandua nta kwa ncha ya kisu, akafungua mfuniko.

Ile chumvi ilikuwa imelia. Juu huku kila nyumba huweka chumvi darini, juu ya moto, moshi unaikausha mwaka mzima, na mtu anazeeka hajui kama chumvi ina maji. Ile ya bondeni ilikuja na unyevu wake, na Adolfu, kwa umahiri wake wote wa nta, alikuwa ameufungia humo humo usitoke. Jani lilikuwa limelowa chapachapa. Vichwa vya viberiti vilikuwa vimegeuka uji mwekundu. Alijaribu kimoja, kikapaka rangi kwenye boksi. Akajaribu vyote. Kisha akakaa chini akalia kama mtoto, na mimi simlaumu.

Alipomaliza kulia alibaki na kisu. Akang'oa ubao kwenye fremu ya mlango wa ndani, mahali mvua haikufika, akauchonga ukawa bapa, akautoboa kishimo na kukata kimfereji cha majivu. Akachonga kijiti kutoka kwenye ufito wa paa. Akakwangua nyasi kavu za ndani kabisa ya paa zikawa laini, akakata mpira vipande vyembamba. Akakanyaga ubao, akaanza kupekecha kijiti kati ya viganja.

Kila mtu aliyewahi kupekecha moto anajua shida yake. Mikono inateremka. Ikifika chini inabidi uirudishe juu, na katika kuirudisha, joto linakimbia. Moshi ulitoka, Adolfu akarudisha mikono, moshi ukafa. Ukatoka tena, ukafa tena. Viganja vikachubuka. Nje kulikuwa kunaingia giza.

"Kuku." Sauti ya Stefania ilikuwa nzito kama ya mlevi. "Mwambie huyo, moto wa kupekecha ni kazi ya watu wawili. Mmoja akifika chini, mwenzie adake juu."

Adolfu aliacha. "Kuku," alisema, na hata yeye aliona aibu kumsemesha kuku, "mwambie mama, mikono yetu itagusana. Na aliye tumboni?"

Halafu kutoka nyuma ya ukuta, upande wa uani, kitu kilikohoa. Hakikuwa kikohozi cha mtu. Kilikuwa kizito na cha karibu, nacho hakikurudiwa, na kule kutorudiwa ndiko kulikomtisha Adolfu zaidi. Kuku alijikunja ndani ya tenga.

Stefania alitambaa akaja. Alipita juu ya kizingiti kwa magoti, akaketi mbele ya Adolfu, goti kwa goti, kanga ameivuta usoni asimwone. Mikono yake ilikuwa ya baridi kama samaki.

"Kuku, mwambie," akanong'ona. "Mimi nikifia hapa, aliye tumboni atageuzwa na nani?"

Wakapekecha. Mikono ya Adolfu ikishuka, ya Stefania inadaka juu. Yake ikishuka, ya Adolfu inadaka. Mwanzoni walijaribu kukwepana. Kijiti kikapoteza mwendo, wakaacha kukwepana. Viganja vilisuguana, vidole vikapitana, damu ya malengelenge ya Adolfu ikampaka mama mkwe mikononi, na wote wawili walikuwa wanasali kwa sauti, mmoja Salamu Maria, mwingine sijui alikuwa anasema nini. Moshi ukaja ukakaa. Kijikaa chekundu kikadondoka kwenye nyasi. Adolfu akakipuliza mpaka akaona nyota, akaweka mpira, na mpira ukashika kwa moshi wake mweusi unaonuka. Walichoma fremu yote ya mlango wa mzee Marselino, na paa walichoma.

Alfajiri Adolfu alichungulia uani. Nyayo mpya zilizunguka nyumba yote. Hakumwambia kuku.

Waliposhuka bondeni joto likawapokea na nguo zikakauka mwilini. Karibu na nyumba ya kwanza ya Muze, Stefania alisimama, akajifunika kanga, akamwacha Adolfu atangulie mbali, wakaingia kijijini kama wakwe wenye adabu zao. Bertilla aliwajia mbio. Uchungu ulikuwa umeanza. Stefania aliomba maji, akanawa mikono, akaitazama, akanawa tena, akaingia ndani.

Adolfu alikaa uani chini ya uchaga wa mahindi. Kila Dominika alipolia, alitazama viganja vyake vilivyochubuka akajua ni yeye anayemliza. Aliwaza aende mlangoni apige kelele, aseme, tumegusana, mtoeni mama humo, ana mikono yangu. Miguu haikumpeleka. Alijichukia kwa hilo. Mara Dominika akaacha kulia na ndani kukawa kimya. Kimya hicho Adolfu alikuwa amekisikia mara mbili maishani mwake, akajiinamia magotini na kuziba masikio. Kwa hiyo yeye ndiye mtu wa mwisho Muze nzima kumsikia mtoto. Wanawake walikuwa wameshapiga vigelegele alipoinua kichwa.

Stefania alitoka. Wanawake walimpisha akae nao mkekani, akawapita. Alikatiza uani moja kwa moja kuja kwenye uchaga, na Adolfu, kwa mazoea, akainuka aondoke.

"Kaa, Adolfu."

Wanawake mkekani wakageuza shingo. Stefania hakuwa amewahi kulitaja jina lake. Adolfu akakaa. Stefania naye akakaa chini, karibu yake, akaiweka mikono mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Ni wa kike. Amegeuka. Dominika mzima."

"Asante, mama."

"Niliingia mle na mikono hii hii."

"Najua, mama. Nilitaka kuja kusema, nikaogopa."

"Kila nilipomgusa mwanangu nilijiambia, sasa namwua. Nilikuwa natetemeka mpaka Bertilla akaniuliza kama ni homa." Bertilla, pale mlangoni, aliziba mdomo kwa kiganja, na mwanamke mmoja akamvuta mwenzie wasogee wasikie vizuri. Stefania hakuwajali. "Naogopa tangu pale mtoni uliporudisha mkono. Mpaka sasa naogopa. Mtoto analia, unamsikia?"

"Namsikia."

"Basi usiondoke hapa. Ukae tu hapa tumsikilize wote."

Adolfu akasogea. Wakakaa bega kwa bega mbele ya Muze nzima, mtu na mama mkwe wake, wanatetemeka katika joto lile la bondeni, na kila mtoto aliponyamaza kidogo ndani, wote wawili walishikana mikono.